Kioo cha Bi Mwanaidi

Wakati wa vita, Aroni alikuwa msoma ramani katika ndege ya mabomu. Yeye ndiye aliyemwambia rubani, "Hapa." Vita vilipokwisha akawa fundi wa vioo, akaishi peke yake.

Asubuhi moja aliitwa na Bi Mwanaidi, mjane mgeni mtaani, amtilie kioo cha dirisha. Akiwa anapima, mama yule akautaja mji wa kwao.

"Ule wenye madaraja mawili na soko la duara?" Aroni alijikuta ameuliza.

Bi Mwanaidi alifurahi. "Kumbe unaujua! Hapa sina wa kuongea naye habari za kwetu. Ulikaa mtaa gani, fundi?"

Aroni angeweza kudanganya.

"Sikukaa, mama. Niliuona mara moja tu, kutoka angani."

Mama alimtazama. "Siku soko lilipoungua?"

"Siku hiyo."

Bi Mwanaidi aliiweka mezani chai aliyokuwa amemwandalia fundi, akaingia chumbani bila kufunga mlango.

Aroni alimaliza kazi. Kisha akabaki nje ya dirisha, akikifuta kioo kilichokwisha takata, macho yake kwenye ule mlango.