Goti la Shomari Ninalo Mimi

Siku hizi mtu akiumia, maumivu yake hubebwa na ndugu. Mdogo wangu Shomari aliteguka goti kwenye mazoezi ya karate, nami nikakubali kumbebea: goti ni lake, maumivu nayasikia mimi. Kila asubuhi, kabla hajashuka kitandani, huniita kutoka jikoni.

"Dada Mwanaidi, goti langu linasemaje?"

"Linasema utulie, mpiga mateke wewe."

Hucheka, kisha hunyoosha mguu taratibu huku akinitazama usoni. Nikikunja uso, huacha.

Leo nilipochuchumaa kufagia, sikusikia maumivu yoyote. Limepona. Na Shomari ameapa, likipona tu anarudi ulingoni.

"Vipi leo, dada?"

Nikashika goti, nikakunja uso.

"Bado, mdogo wangu."

Akarudisha mguu polepole, akaniomba samahani kwa kuniumiza.