Mlango wa Darasa la Ilinca

Shule ya kijijini ilikuwa imemkataa Ilinca, mjukuu wangu asiyesema, na hii ya mjini ilinipendeza. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo, nikamkabidhi mkuu wa shule cozonac, mkate wangu mtamu wenye kokwa za jozi.

"Hapa atatulia, bibi," alisema. "Nawe upumzike, umekonda kama mshumaa wa Pasaka!"

Tukacheka. Upepo ukaubamiza mlango wa darasa tulimokuwa.

Ilinca akaenda kuufungua, kama anavyowafungulia kuku wetu kila asubuhi. Mkono wake ukapapasa mbao za mlango, ukashuka, ukapanda tena. Akanigeukia.

Upande wa ndani hapakuwa na kitasa.

"Msiogope, mlinzi atatufungulia," mkuu alisema. "Ni usalama wa watoto tu. Wiki ya kwanza wanalia, halafu wanazoea. Hawaugusi mlango tena."

Nikapiga ishara ya msalaba, nikainama. Kwenye kimo cha mtoto rangi ilikuwa imebanduka, na mbao zimelainika kwa kushikwashikwa.

Ilinca akaweka kiganja chake pale. Kikaenea pale sawasawa.

Nikamfunga vifungo vya koti, nikaanza kuupiga mlango kwa ngumi zote mbili.