Vigae vya Sikudhani

Sheria ilikuwa inasema fundi asiyelipwa aishi juu ya kazi yake mpaka alipwe. Basi Sikudhani, fundi vigae, akahamia na godoro lake bafuni kwa Mama Tunu, akalala kati ya choo na beseni.

Mama Tunu alikwishamlipa mkandarasi Kisoka kila kitu. Kisoka, aliyemwita Sikudhani kwenye kazi ile, hakumpa hata ya maji.

"Samahani dada, geuka kidogo, Baba Tunu aoge," Mama Tunu aliomba kila asubuhi. Sikudhani kutoka hawezi, maana vigae vyake viliishia mlangoni, na kuvuka hapo ni kuvamia nyumba ya watu.

"Kisoka naye mjenzi?" Sikudhani aliuambia ukuta. "Mwiko wenyewe hajui unashikwa wapi! Kitambi na manukato tu!"

Siku moja Mama Tunu alimletea ugali, akasema kwa upole, "Si uweke vigae na koridoni hadi jikoni? Utapata nafasi, na utanisaidia kupika."

Sikudhani alisonya. Lakini mgongo ulikuwa unamuuma, akaweka.

Alikuwa jikoni akikoroga mchuzi Kisoka alipoingia na wateja wawili, viatu miguuni, salamu hakuna. Alikigonga kigae kwa kisigino.

"Nyumba zangu sasa," alijigamba, "zinakuja na fundi wake ndani."

Mteja mmoja alimtazama Sikudhani toka juu hadi chini, kisha akamgeukia mwenye nyumba. "Anakula sana?"

"Wala," alijibu Mama Tunu. "Na hasumbui kabisa."