Komeo la Nje

Mchwa walikuwa wameula mlango wa mbele hadi ukawa haufungi. Baba yake Namsifu, ambaye kumbukumbu zilimtoka, alizoea kuupenya alfajiri, na majirani wa kijiji cha Myamba wakamwokota korongoni ametapakaa tope.

Leo fundi alileta mlango mpya wa mninga.

"Komeo niliweke ndani, mama?"

"Nje," Namsifu alijibu bila kumtazama.

Mzee aliupapasa ubao. "Asante, mwanangu. Sasa wezi hawatatuingilia."

Fundi alipoondoka, Namsifu alichukua jembe, akatoka, akaurudisha mlango. Komeo lilikuwa gumu. Alilisukuma kwa viganja vyote viwili.

Ndani, baba yake aligonga taratibu, kwa adabu ya mgeni.

"Hodi," aliita. "Hodi, wenyewe."