Alhamisi Tatu za Hisabati

Nyanjige alisimama mbele ya meza ya mkuu wa shule, jarida la darasa amelishika kwa mikono miwili kama bakuli lililojaa uji.

"Ni wewe uliyeandika haya?" aliuliza Mwalimu Luhaga.

"Ni mimi, mkuu."

"Yupo aliyekushauri ufute?"

Msichana alimtazama Madam Esteria, makamu wa mkuu. Madam alikuwa dirishani, ghafla amevutiwa mno na mbuzi waliokuwa wakivuka uwanja wa gwaride.

"Usitetemeke, mayu," Luhaga alimwambia kama baba kwa binti yake. "Monita anayeandika ukweli hana kosa. Rudi darasani."

Nyanjige aliondoka nusu akikimbia. Luhaga akalifungua jarida. Alhamisi tatu mfululizo, katika kipindi cha Hisabati cha Kidato cha Nne, palikuwa na neno moja, limepigiwa mstari kwa rula: *Hakufika*.

"Barua ya onyo," alisema. "Na darasa anyang'anywe."

"Mkuu, alikuwa na udhuru. Aliitwa kikaoni Bariadi."

"Mara tatu?"

"Mara tatu."

"Kikao hakifanyi mtihani, Madam. Watoto ndio wanaofanya. Mwaka jana walifanya hamsini na wawili, wakafeli arobaini na mmoja. Mtihani wa mkoa umebaki wiki sita, na trigonometria haijaguswa."

Esteria aliketi. Alijua kwamba Januari walimu wote walikuwa wameikubali sheria hiyo kwa kunyoosha mikono: vipindi vitatu bila mbadala, barua, na barua huondoka na darasa.

"Tuliiweka ile sheria kuwatisha walimu vijana," alisema taratibu. "Huyu ana miaka kumi na tisa ubaoni. Hakuna anayemfikia hapa."

"Ubora wa mtu asiyekuwepo haumfundishi yeyote."

"Ataumia. Lile darasa analipenda kuliko mshahara wake."

"Na aumie. Nilisoma bweni miaka sita. Kengele haikuwahi kumsubiri mtu, awe nani." Luhaga alichukua karatasi. "Vipindi vyake apewe Mwalimu Elina."

"Elina? Ana miaka miwili tu kazini."

"Miwili, na hajakosa kipindi hata kimoja. Siku ile mvua ilipokata barabara ya Lingeka, alifika kwa miguu, viatu mkononi."

Esteria alishindwa kujizuia kucheka. "Alifundisha pekupeku."

"Alifundisha."

Luhaga alivuta droo, akatoa bikari kubwa ya mbao ya ubaoni, ncha yake imechakaa kwa chaki. Aliishika kitambo kabla ya kumkabidhi.

"Mpelekee. Aanze leo, saa nne."

Makamu aliipokea kwa mikono miwili. Alipofika mlangoni aligeuka. "Mkuu, barua hii ingeweza kusubiri hata kesho."

"Ingekuwa ya kijana mgeni, ungeniambia isubiri?"

Esteria alitoka na bikari. Akafunga mlango polepole.

Luhaga aliiandika barua kwa mkono wake, bila kufuta neno. Juu ya cheo cha Mkuu wa Shule akatia sahihi, akagonga muhuri, akapuliza wino ukauke. Kisha akaishusha kalamu hadi mstari wa mwisho, pale mwalimu anayeonywa hukiri kwamba ameipokea, akatia sahihi ile ile.