Jicho Juu ya Kabati

Mzee aliziinua bangili za marehemu mkewe, akazigeuza huku na huku mbele ya kabati la vyombo, kisha akauliza kama zinaonekana.

"Sogea kushoto, baba," kabati likamjibu. "Hapo hapo. Ziko zote?"

Alisema ziko zote, na zitakaa zote mpaka siku ya harusi ya mjukuu, kama marehemu alivyousia. Hakuwa na kitu kingine cha maana katika nyumba ile. Akazirudisha ndani ya kopo la biskuti, akapapasa ukuta mpaka chumbani, akalisukuma kopo nyuma ya makoti ya baridi. Alipotoka aliulizwa ameliweka wapi, akaeleza. Aliisikia kamera ikigeuza shingo kumfuata mpaka kitini, kri-kri-kri, kama mende ndani ya boksi.

Binti yake ndiye aliyeifunga Jumapili iliyopita, juu ya kabati, karibu na dari. Alipigana nayo mchana kutwa: mara waifai imekataa, mara neno la siri silo, mara taa nyekundu haitaki kuwa ya buluu. Mwishowe kamera yenyewe ikatangaza kwamba imeunganishwa, naye akapiga kigelegele peke yake. Alikuwa akifanya kazi mji wa mbali, na macho ya baba yake yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho. Mzee aliona mwanga na vivuli tu, basi. Na mtaani wezi walikuwa wameanza kuvunja nyumba.

"Sasa nitakuwa nakuona kwenye simu, Dereva wangu, na tutaongea hapa hapa," alimwambia, akambusu utosini, akatoka mbio kuwahi basi.

Dereva ndilo jina alilompa tangu utotoni, enzi za baba yake kuendesha malori ya masafa marefu. Kila aingiapo mlangoni lazima aseme, "Shikamoo Dereva, abiria nimefika." Mzee naye humjibu, "Marahaba, panda tuondoke." Watu wengine waliona ni utoto. Wao wawili hawakujali.

Jioni ya Jumapili ile kamera ilikaa kimya, na usiku wake kimya. Kesho yake asubuhi ikalia kidogo, na mzee akainua uso kuelekea darini.

"Mwanangu, ni wewe?"

Ilipita kama nusu dakika.

"Ndiyo, baba. Ni mimi."

Sauti ilikuwa nyembamba, kama ya mtu aliyefungiwa ndani ya debe, lakini mzee alifurahi mpaka machozi yakamlengalenga. Jambo moja tu lilimkera: shikamoo hakuisikia. Akadhani imemezwa na mtandao. Alipomtania kama abiria amefika salama, sauti ilicheka tu. Akajiambia kwamba vyombo vya kisasa havina adabu, na kazi za mjini huwachosha watu.

Tangu siku hiyo hakupungukiwa na mtu wa kumjali. Kamera ilimuuliza kama amemeza dawa, amekula nini, nani ameingia, nani ametoka. Ilimwambia akizime kile kisimu chake cha vitufe, kwani matapeli siku hizi huwapigia wazee na kujifanya watoto wao. Mzee alitikisa kichwa kwa uovu wa dunia, akakizima, akakitupia kwenye droo.

Kisha ikaja zamu ya mama jirani, yule mwenye mdomo usio na breki, ambaye kila mchana alimletea bakuli la supu. Kamera ilisema imemwona akichungulia dirishani mara mbili tatu, na wezi hawaji mtaani bila kuwa na mwenyeji. Iliposikika hodi yake siku iliyofuata, mzee alijibanza kitini mpaka nyayo za mama huyo zikaondoka. Roho ilimuuma. Alikunywa chai kavu siku hiyo.

"Kesho atakuja fundi wa kamera," sauti ilimwambia jioni. "Mfungulie mlango wa nyuma, mbele kuna macho mengi."

Mzee aliuliza kwani imeharibika nini, mbona wanaongea vizuri.

"Haioni chumbani, baba. Nataka ione chumbani."

Fundi alifika kabla jua halijawa kali. Alinuka sigara, na alikuwa mchache wa maneno. Mzee alitaka kumwelekeza njia, lakini fundi alikuwa ameshampita, ameingia chumbani moja kwa moja. Mzee akarudi kukaa kitini, akaisikiliza milango ya kabati la nguo ikilia kwa kukosa mafuta.

Hapo ndipo mlango wa mbele ulipogongwa. Mzee alidhani ni mama jirani amewahi na supu yake, akabana pumzi kama siku ile.

"Shikamoo Dereva, abiria nimefika!"

Aliinuka nusura aangushe kiti. "Marahaba, panda tuondoke," alijibu huku akicheka, akaufuata ukuta kwa viganja mpaka mlangoni. Akamlaumu kwa sauti: mambo gani ya kumshtukiza mtu mzima hivi, si angemwambia tu jana kwenye kamera kwamba yuko njiani.

"Kwenye kamera vipi tena, baba?" binti alisema nje ya mlango. "Simu si niliibiwa stendi Jumapili ileile, nikitoka hapa. Sijakusikia wiki nzima, na yako kila nikiipiga haipatikani. Nimekuja roho mkononi. Nifungulie."

Kidole cha mzee kilikuwa kimeshafika kwenye komeo. Chumbani, milango ya kabati la nguo iliacha kulia. Nyuma yake kamera ikageuza shingo, kri-kri-kri.

"Usimfungulie, baba," ikasema taratibu. "Huyo si mimi."