Mtoto wa Nne Ukutani

Siku hizo kila kaya ilipangiwa msanii wa kale wa kuishi naye. Kundaeli wa Usangi alimpata Lapo, mchoraji wa Italia aliyekufa zamani sana na kurudishwa katika mwili wa mashine. Alikuwa mgeni mwema. Alichanganya rangi na viini vya mayai, akachora ukuta mzima wa sebule. Kundaeli alifurahi kujiona mchoroni amezungukwa na wanawe watatu.

“Nimetoka vizuri, mzee wangu! Lakini huyu wa nne ni nani?”

“Ni mwanangu, mama,” alisema Lapo, akifuta brashi taratibu. “Nilikufa angali mchanga. Nimeona unavyolea.”

Jioni, Kundaeli alipopakua chakula cha watoto, alijikuta amejaza sahani nne.